Tumbo Lisilo na Bahasha

Bahasha ilidondoka mlangoni asubuhi, pamoja na bili ya umeme na karatasi za matangazo. Shangazi yangu ni mzaliwa wa Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa London, amekaa zaidi ya miaka 30. Bahasha za aina hiyo ameshazizoea, huja kila baada ya miaka 2. Akasogeza kikombe cha chai, akaifungua, akatoa kichupa cha plastiki chembamba kama kidole cha mtoto. Kifuniko chake kina kijiti chenye mifereji midogo nchani. Unakwaruza choo kwa ncha ile, unakirudisha kijiti mpaka kifuniko kibane, unaandika tarehe kwenye lebo, unatia posta bila kulipia stempu. Imekwisha.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiki kinapima na tumbo?"

"Hapana, shangazi. Utumbo mpana tu."

"Na tumbo linapimwa na nini?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kaka yake alikufa kwa saratani ya tumbo. Mwaka mzima alimeza dawa za vidonda na za kiungulia, na siku alipopelekwa kuchunguzwa kwa mpira wenye kamera, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Mimi sikuwa na jibu la kumpa. Uingereza haina mpango wa kitaifa wa kuwapima saratani ya tumbo watu wasio na dalili. Utumbo mpana una bahasha yake, na tumbo la chakula, jirani yake wa juu, halina.

Ukikitazama kwa ndani, kile kichupa ni kipimo cha protini. Maabara huweka kingamwili zinazoitambua globini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu. Damu ikiwepo kwenye choo, hata ile isiyoonekana kwa macho, kingamwili huidaka. England ilianza kukitumia mwaka 2019, ikaachana na kipimo cha zamani ambacho kingeweza kudanganywa na nyama uliyokula jana. Saratani ya utumbo mpana hudondosha damu, na damu hiyo hufika kwenye kichupa ingali na globini yake. Saratani ya tumbo nayo hudondosha damu, ila damu inayovuja tumboni huangukia kwenye asidi na kwenye vimeng'enya vinavyokata protini, kisha husafiri mita kadhaa za utumbo mwembamba. Ikifika mwisho wa safari, globini imekatwakatwa vipande ambavyo kingamwili hazivitambui tena. Tumbo humla mjumbe wake lenyewe.

Kwa karne 2 wanasayansi wamekuwa wakitafuta mjumbe mwingine wa kiungo hiki, na sehemu kubwa ya safari hiyo imepita London. Mwaka 1823 daktari William Prout aliwaeleza wanachama wa Royal Society kwamba asidi iliyomo tumboni ni asidi ya haidrokloriki, jambo ambalo wengi waliona vigumu kuliamini, kwamba mwili ulio hai unaweza kubeba kitu kikali hivyo bila kujichoma. Mwaka 1836 Theodor Schwann, huko Berlin, alitenga kitu kingine kilichofanya kazi pamoja na asidi hiyo, akakiita pepsini. Ilichukua karibu karne nzima mpaka Mmarekani John Northrop, mwaka 1930, alipoigeuza pepsini kuwa fuwele na kuonyesha kwamba nayo ni protini. Nawaomba wasomaji wailinde pepsini kichwani, tutaihitaji mbele.

Madaktari wa upasuaji hawakusubiri kemia. Tarehe 29 Januari 1881, Vienna, Theodor Billroth alikata sehemu ya tumbo la mwanamke mwenye saratani, akaunganisha kilichobaki, na mgonjwa akainuka kitandani. Aliishi miezi 4 hivi kabla ugonjwa haujammaliza. Operesheni kama hiyo isingefikirika bila mafundisho ya usafi dhidi ya vijidudu ya Joseph Lister, mzaliwa wa Upton, kitongoji kilicho kusini ya Walthamstow, ambaye baba yake, muuza mvinyo Joseph Jackson Lister, ndiye aliyenyoosha lenzi za hadubini mwaka 1830 hadi seli zikaonekana bila ukungu wa rangi. Baba alitupa jicho, mwana akatupa mkono safi. Hata hivyo mgonjwa wa Billroth alikufa, na sababu ndiyo ile ile iliyomuua baba yangu mdogo, yule kaka yake shangazi, zaidi ya karne moja baadaye. Kisu kilikuwa sahihi, saa ndiyo iliyokuwa mbaya.

Walioushinda ugonjwa huu kwa kiasi ni wale waliouwahi. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul alimtumia mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza upanga ili kupitisha bomba gumu tumboni. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany, London, walichapisha njia ya kupitisha picha ndani ya nyuzi za kioo. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alisoma taarifa ile, akaja kumwona Hopkins, na kufikia mwaka 1957 alikuwa na mpira unaopinda, ambao aliumeza yeye mwenyewe kwanza. Wajapani walikuwa wameshaanza kupiga picha ndani ya tumbo tangu mwaka 1950 kwa kamera ndogo. Mwaka 1962 walikubaliana nini maana ya saratani changa ya tumbo, ile ambayo haijapita tabaka mbili za juu za ukuta wake. Kati ya wagonjwa wanaokutwa katika hatua hiyo na kutibiwa, zaidi ya 90 kwa kila 100 huwa hai baada ya miaka 5. Korea Kusini ilifuata mwaka 1999 kwa mpango wake wa taifa, na leo raia wake huitwa kuanzia umri wa miaka 40.

Kwa hiyo njia ya kuokoa watu inajulikana. Kinachokosekana ni njia ya kujua nani ameze mpira. Kuwaingizia kamera watu wazima wote wa London, achilia mbali wa Moshi au Bukavu, haiwezekani kwa fedha wala kwa idadi ya madaktari. Hapo ndipo protini zinapoitwa.

Na hapo pia London ilitangulia. Mwaka 1845 mfanyabiashara wa vyakula wa mji huu, mtu wa miaka 45 aliyekuwa akiumwa mifupa vibaya, alitoa mkojo wa ajabu. Madaktari wake waliupeleka kwa Henry Bence Jones wa hospitali ya St George's. Walipoutia asidi ya naitriki ulitoa utando, walipoupasha moto utando ukayeyuka, ulipopoa utando ukarudi. Protini ya kawaida, kama ute wa yai, ikishaganda kwa moto hairudi kuwa maji. Bence Jones aliona kwamba ameshika protini ya aina ya pekee inayohusiana na ugonjwa wa pekee, akawataka wenzake waitafute kwa wagonjwa wengine wenye mifupa kama ile. Leo tunajua ulikuwa saratani ya uboho. Mgonjwa alifariki mwanzoni mwa Januari 1846, na protini yake bado inapimwa hospitalini kote duniani, ikiwa na jina la daktari. Nikisoma habari hii huwa nashangaa kwamba kitu muhimu kiasi hicho kilipatikana kwa mshumaa, kichupa na subira.

Baada ya hapo kukawa kimya kirefu. Mwaka 1963 Garri Abelev, Moscow, alikuta protini ya kijusi kwenye damu ya panya wenye saratani ya ini. Mwaka 1965 Phil Gold na Samuel Freedman, Montreal, walikuta nyingine kwenye saratani ya utumbo mpana, wakaiita CEA, na magazeti yakaahidi kwamba saratani sasa itapatikana kwa tone la damu. Ikaja CA 19-9, ikaja CA 72-4. Kwa saratani ya tumbo zote zina kasoro moja: hupanda ugonjwa ukishakomaa, na wagonjwa wengi wenye saratani changa huwa na viwango vya kawaida kabisa. CEA hupanda hata kwa mvuta sigara asiye na saratani. Sababu si vigumu kuielewa. Uvimbe wenye ukubwa wa punje ya mtama unamwaga protini chache sana ndani ya lita 5 za damu, na damu hiyo imejaa albumini, peke yake karibu nusu ya protini zote za majimaji yake. Ni kutafuta punje moja ya mtama ndani ya ghala la mahindi, usiku.

Waliokuja na wazo tofauti hawakuutafuta uvimbe. Waliutafuta udongo unaouotesha. Sasa turudi kwenye pepsini. Tumbo huitengeneza kwanza kama pepsinojeni, na zipo za aina 2. Ya kwanza hutoka kwenye tezi za sehemu ya juu na ya kati ya tumbo tu. Ya pili hutoka tumboni kote. Takribani sehemu 1 kwa 100 huvuja na kuingia kwenye damu. Ukuta wa tumbo ukichakaa kwa miaka mingi, tezi za kati hunyauka na pepsinojeni ya kwanza hushuka, huku ya pili ikibaki. Uwiano wa hizo mbili unakuambia jinsi ukuta ulivyochakaa. Michael Samloff alizipima Marekani, na Kazumasa Miki na wenzake Japani wakaweka mipaka inayotumika mpaka sasa: pepsinojeni ya kwanza isiyozidi nanogramu 70 kwa mililita, na uwiano usiozidi 3. Kipimo hiki hakisemi "una saratani". Kinasema "tumbo lako limezeeka kuliko wewe, njoo tulitazame". Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua ya busara kuliko zote katika historia hii, kwa sababu inawahi kabla uvimbe haujazaliwa.

Anayelizeesha tumbo anajulikana. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, Perth, walimkuza bakteria aliyejikunja kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall alimnywa, ukuta wa tumbo lake ukawaka na kuvimba, akapona. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtangaza Helicobacter pylori kuwa kisababishi cha saratani, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Nobeli. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sura nyingine ya kisa hiki. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha jeni za bakteria huyu kutoka duniani kote waliandika kwamba mababu zetu walitoka naye Afrika Mashariki miaka takribani 58,000 iliyopita. Alisafiri tumboni mwao hadi Asia, Ulaya na Amerika.

Na huambukizwa utotoni, nyumbani, kutoka kwa mama, ndugu, kijiko na maji. Ndiyo maana hatari ya saratani ya tumbo haifuati anwani ya mtu bali jiko alilolelewa. Mwaka 1968 William Haenszel na Minoru Kurihara walionyesha kwamba Wajapani waliohamia Marekani waliendelea kufa kwa saratani ya tumbo kwa wingi kuliko Wamarekani wenzao. Nafuu ilionekana zaidi kwa watoto wao waliozaliwa huko. Katika Uingereza ya karne ya 20 ugonjwa huu ulipungua sana, majokofu yalipochukua nafasi ya chumvi na maji safi yakafika mitaani. Lakini pita soko la Walthamstow, lile la barabarani lenye urefu wa karibu kilomita moja, uhesabu majiko ya utotoni yaliyosimama kwenye foleni ya ndizi za kupika: Lahore, Mirpur, Kingston, Bukarest, Mogadishu, Moshi. Wastani wa Uingereza si wastani wa foleni ile.

Shangazi ametoka kwenye mlima uliotajwa kwa ugonjwa huu tangu zamani. Madaktari waliochora ramani za saratani Afrika Mashariki miaka ya 1960, akiwemo Denis Burkitt aliyekuwa Kampala, waliona saratani ya tumbo ikijikusanya nyanda za juu: miteremko ya Kilimanjaro, kusini-magharibi ya Uganda, Rwanda, Burundi, Kivu. Kwenye pwani na tambarare ilionekana kuwa adimu. Mwaka 1992 daktari Mwingereza, C. Holcombe, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, aliandika juu ya "fumbo la Afrika": bakteria ni wengi, saratani ni chache. Sentensi hiyo ilipendwa mno, ikarudiwa mno. Nadhani imetudhuru. Mahali ambapo mpira wa kamera upo hospitali moja kwa mamilioni ya watu, uchache wa saratani unaweza kuwa uchache wa waliotazamwa, na nyanda za juu zilikuwa zimeshatoa ushahidi wao zaidi ya miaka 20 kabla ya fumbo kutajwa.

Ukipanda treni Walthamstow Central hadi Liverpool Street, kisha ukatembea robo saa, unafika Charterhouse Square, uwanja mtulivu wenye miti mirefu ambako ipo taasisi ya saratani ya Barts. Barts yenyewe ni hospitali ya mwaka 1123, na leo jina lake limebebwa na mfumo wa hospitali ambao Whipps Cross, hospitali inayohudumia Walthamstow, nayo imo. Katika taasisi hiyo, kundi la Tatjana Crnogorac-Jurcevic lilichapisha mwaka 2015 utafiti wa sampuli 488 za mkojo. Walikuwa wakiitafuta saratani ya kongosho, na kati ya protini 3 walizobaki nazo, moja ni ya tumbo: TFF1.

Kisa cha protini hii kinastahili dakika. Iligunduliwa Strasbourg mwaka 1982 kwenye seli za saratani ya titi, na baadaye ikafahamika kwamba makao yake ya kawaida ni tumboni, kwenye seli za juu zinazotoa ute. Ni protini ndogo, iliyojikunja vitanzi 3 kama jani la vipande vitatu, na umbo hilo lililofungamana huisaidia kutokatwa ovyo na vimeng'enya. Kazi yake ni kulinda na kuziba michubuko. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walizalisha panya wasio na jeni ya TFF1, na panya wote wakaota vivimbe sehemu ya chini ya tumbo, theluthi hivi wakapata saratani. Mlinzi akiondoka, nyumba inaingiliwa. Kisha mwaka 2020 Takaya Shimura na wenzake, Nagoya, wakaonyesha kwamba TFF1 kwenye mkojo, ikisomwa pamoja na protini nyingine iitwayo ADAM12 na hali ya bakteria, husaidia kuwatenga wagonjwa wa saratani ya tumbo, hata changa, na watu wenye afya. Mkojo, kama wa yule muuza vyakula wa 1845. Hapa ndipo namuona yule mjumbe ambaye tumbo halikumla.

Lakini furaha ina masharti yake, na London imeyalipia. Kati ya mwaka 2001 na 2005 wanawake 202,638 wa Uingereza waliingizwa kwenye jaribio la kutafuta saratani ya ovari kwa protini ya CA125 na kwa picha za mawimbi ya sauti. Matokeo ya mwisho yalitoka 2021. Kipimo cha damu kiliwahi kukuta saratani nyingi zaidi zikiwa changa, na bado vifo havikupungua. Miaka 20 ya kazi ya uaminifu, na jibu likawa hapana. Kuwahi kuona na kuokoa ni mambo mawili.

Kuna na hesabu. Tuseme tunawapima watu 10,000 ambao 10 kati yao wana saratani ya tumbo. Kipimo chetu ni kizuri: kinawakamata 9 kati ya hao 10, na kwa wasio na ugonjwa kinakosea 5 tu kwa kila 100. Tutawaita watu 9 kwa haki, na karibu 500 bure. Watu 500 wasiolala usiku, kila mmoja akisubiri mpira. Ndiyo sababu protini moja haitoshi, na watafiti wa leo hukusanya kadhaa. Wale wa Johns Hopkins, mwaka 2018, walichanganya protini 8 na vipande vya jeni 16 kutafuta saratani za aina 8, tumbo likiwemo. Ila wagonjwa wao walikuwa wameshagunduliwa, na kumtambua mgonjwa unayemjua ni kazi nyepesi.

Swali linalonisumbua kuliko yote ni damu ya nani. UK Biobank iliwakusanya watu 500,000 wenye miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, kituo chake kimoja kikiwa hapo hapo Barts. Mwaka 2023 zilichapishwa protini karibu 3,000 zilizopimwa kwa watu wapatao 54,000, hazina ambayo dunia ilikuwa haijawahi kuwa nayo. Kati ya kila washiriki 100, kama 95 ni Wazungu. Mipaka ya "kawaida" itakayotoka humo itakuwa kawaida yao. Pepsinojeni ilipewa mipaka yake kwa matumbo ya Wajapani. Aliyelelewa Machame, mwenye bakteria wa ukoo wa Afrika Mashariki na miaka 30 ya maji ya London, hajapimwa popote ili tujue namba zake zinapaswa kuwa ngapi. Mwanamke huyo yumo kwenye foleni ya soko, na majokofu ya maabara yako safari moja ya treni kutoka hapo. Nataka damu yake iingie humo kabla kipimo hakijakamilika, si baada.

Nilimwambia shangazi aende kwa daktari wake, asiseme "kiungulia" peke yake. Aseme alizaliwa wapi, aseme kaka yake alikufa na nini, na aseme kama amepungua uzito, kwa sababu mwongozo wa Uingereza unataka mtu wa miaka 55 na zaidi mwenye maumivu ya juu ya tumbo na kupungua uzito afanyiwe kamera haraka. Hakuwa amepungua. Daktari alimsikiliza, akamwachisha vidonge vya asidi kwa wiki 2 ili visifiche jibu, kisha akampa kichupa kingine cha choo, kikubwa kidogo kuliko kile cha bahasha. Hiki kilitafuta protini za bakteria.

Walikuwemo. Siku 7 alimeza dawa 3 asubuhi na jioni, akizipanga mezani kwenye sahani ya kahawa ili asisahau. Jioni ya siku ya mwisho alimpigia simu wifi yake Machame. Wala hakumsalimu kwa kirefu. Alimuuliza watoto wa marehemu wako wangapi nyumbani, na nani kati yao analalamika tumbo.